Hewa Ndiyo Inayoionyesha Nyama: Tunachokiona na Tusichokiona Katika Skani za Meno na Koo

Mama mmoja wa makamo aliniletea diski yenye skani ya taya lake la juu, iliyopigwa katika kituo kingine. Jino lake la mbele lilikuwa limevunjika hadi kwenye mzizi, na kabla ya kumpandikizia jingine nilihitaji kujua mambo mawili: unene wa mfupa ulio mbele ya mzizi ule, na unene wa ufizi unaoufunika mfupa huo, kwa maana ufizi mwembamba husinyaa mapema na kuacha chuma kikichungulia mtu anapocheka. Mfupa niliuona vizuri mno, mstari mweupe mwembamba kana kwamba umechorwa kwa kalamu. Ufizi sikuuona. Haikuwa kwamba umekosekana kwenye picha. Ulikuwemo, ila mdomo wa juu ulikuwa umeulalia, na vyote viwili vilikuwa bonge moja la kijivu lisilo na mshono wowote. Nilibadili mwangaza, nikapanua na kubana vivuli, nikanenepesha vipande, nikajaribu kila kichujio kilichomo kwenye programu. Mwishowe nilimchoma ganzi, nikachukua sindano nyembamba ya kusafishia mizizi yenye kijipira cha kuwekea alama, nikaipenyeza kwenye ufizi hadi ikagota mfupani, kisha nikasoma urefu wake kwenye rula. Ulikuwa chini kidogo ya milimita moja.

Kilichokosekana katika skani ile hakikuwa programu bora wala mashine ya gharama kubwa zaidi. Kilikosekana kipande cha plastiki cha kuachanisha midomo, na mtu wa kumwambia mgonjwa alaze ulimi wake kwenye sakafu ya kinywa. Ninaandika makala haya kwa sababu mazungumzo ya wenzangu kuhusu namna ya kuziona vizuri tishu laini katika picha za meno na njia ya hewa yameelemea upande mmoja tu, upande wa vichujio na akili unde, wakati sehemu kubwa ya jibu iko kabla ya kitufe kubonyezwa. Katika skani hizi tishu laini huonekana pale inapogusa hewa. Pasipo na hewa, mara nyingi haionekani, na hakuna urembaji wa picha utakaoirudisha.

Sababu yake iko kwenye hesabu. Godfrey Hounsfield, mhandisi wa kampuni ya EMI ya Uingereza ambaye mashine yake ya CT, inayojenga picha za vipande vya mwili kwa eksirei, ilimpiga picha mgonjwa wa kwanza tarehe 1 Oktoba 1971 katika hospitali ya Atkinson Morley jijini London, alituachia kipimo tunachokitumia hadi leo. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1979 aliigawana na Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Johannesburg, aliyeanza kulifikiria tatizo hilo hilo alipokuwa akifanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Katika kipimo cha Hounsfield maji ni 0, hewa ni hasi 1000, mafuta ni karibu hasi 100, misuli ni kama 50, na mfupa mgumu hupita 1000. Tazama umbali uliopo kati ya namba hizo. Kutoka kwenye msuli wa ulimi hadi kwenye hewa iliyo juu yake kuna hatua zaidi ya 1000. Kutoka kwenye msuli huo hadi kwenye tezi ya mate iliyo jirani yake kuna hatua chache tu, makumi kadhaa. Mashine inayoweza kutofautisha hatua 1000 tu itakuonyesha umbo la nje la ulimi, lakini ndani ya ulimi itakuonyesha uji.

Mashine nyingi za vituo vya meno ziko hivyo kwa asili yake. Skani ya mwale wa koni, ambayo kazini tunaiita kwa herufi zake CBCT, iliingia katika tiba ya meno mwishoni mwa miaka ya 1990 kupitia kazi za watafiti wa Italia mwaka 1998 na wa Japani mwaka 1999, ikitumia njia ya kujenga picha iliyochapishwa na Feldkamp na wenzake mwaka 1984. Skani ya CT ya hospitali humulika mwili kwa mwale mwembamba kama upepeo na kuchuja miale inayokuja kombo. CBCT humulika taya zima kwa mkupuo mmoja na kuzunguka kichwa mara moja, kwa kawaida kati ya sekunde 10 na 40. Ndiyo maana ni ndogo, ni nafuu, na mgonjwa hukaa au husimama badala ya kulala. Lakini kumulika eneo pana kuna bei yake. Aliyewahi kuwasha taa kubwa za gari ndani ya ukungu wa Njombe anaijua: kadiri mwanga unavyotawanyika ndani ya ukungu ndivyo weupe unavyokurudia machoni na barabara inavyopotea. Miale inayotawanyika ndani ya kichwa hutua kwenye kipokezi mahali pasipo pake, na kichwa kizima kikimulikwa, miale hiyo ya kombo inaweza kuwa mingi kuliko ile iliyonyooka. Kivuli cha kijivu ambacho kingetenganisha msuli na mafuta humezwa na weupe huo.

Juu ya hayo kuna chenga, zile nukta zinazorukaruka kama za televisheni iliyokosa antena. CBCT hutumia mionzi kidogo, na mionzi kidogo huzaa chenga nyingi. Kuna na jambo la tatu ambalo hata madaktari wazoefu hulisahau: namba za kijivu za CBCT si namba za Hounsfield. Msuli ule ule utapata namba moja ukiwa katikati ya picha na namba nyingine ukiwa pembeni, na utapata nyingine tena ukikaribiana na jino lililozibwa kwa madini. Anayeandika kwenye ripoti kwamba uvimbe fulani una maji ndani yake kwa kuwa namba yake iko karibu na sifuri anasoma kipimo ambacho mashine haikumpa.

Mtu atauliza, basi kwa nini tusiongeze mionzi chenga zikaondoka? Kwa sababu chenga hupungua polepole kuliko mionzi inavyoongezeka: kuzipunguza kwa nusu unahitaji mionzi mara nne. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2012 kuhusu CBCT za meno ulikusanya vipimo vya mashine mbalimbali na kuonyesha kwamba dozi zilianzia mikrosieverti 11 na kupita 1000, kutegemea mashine na ukubwa wa eneo lililopigwa, ilhali mionzi ya asili anayoipata binadamu kwa wastani duniani ni kama mikrosieverti 2400 kwa mwaka mzima. Tofauti hiyo si ya kuchezea, hasa kwa watoto, ambao ndio wengi katika foleni za kupanga meno. Kuzidisha mara nne dozi ya mtoto ili fizi zake ziwe na kijivu kizuri zaidi ni jambo nisiloweza kulitetea mbele ya mzazi wake.

Yapo, hata hivyo, mambo ya bure, na yanasikitisha kwa jinsi yanavyopuuzwa. Wengi wetu hufungua skani na kuisoma kwa kipande chembamba kabisa tukiamini kwamba wembamba ndio uangavu. Kwa mfupa na ufa wa mzizi ni kweli. Kwa tishu laini ni kinyume chake. Vipande kumi vya milimita 0.2 vikiunganishwa kuwa kimoja cha milimita 2, chenga hupungua zaidi ya mara tatu, na mgonjwa hakuongezewa mionzi hata chembe. Ukishafanya hivyo, bana upana wa vivuli ili kijivu cha kati kipate nafasi yote ya skrini, uache mfupa uwe mweupe mtupu na hewa iwe nyeusi tii. Zima taa ya chumba. Ni dakika moja ya kazi, na nimewaona wanafunzi wakishangaa ukingo wa kaakaa laini ukijitokeza mbele yao kama mchoro uliofutwa vumbi.

Lakini hata ujanja huo unahitaji ukingo wa kufichua, na ukingo huo unaletwa na hewa. Mwaka 2008 Januário na wenzake wa Brazili walichapisha njia ambayo kwa maoni yangu ni miongoni mwa maboresho makubwa zaidi ya skani hizi, na haikugusa mashine hata kidogo. Walimvalisha mgonjwa kifaa cha plastiki cha kuachanisha midomo, wakamwambia arudishe ulimi chini, kisha wakapiga skani ya kawaida. Hewa ikajaa kati ya mdomo na ufizi, na kati ya ulimi na kaakaa. Ufizi uliokuwa umezama ndani ya kijivu ukapata mpaka pande zake zote, ukawa unapimika kwa milimita kuanzia kwenye ukingo wake hadi kwenye mfupa. Vipamba vya kinywani, ambavyo kila kiti cha meno kinavyo, vinaweza kufanya kazi inayokaribiana na hiyo kwa upande wa shavu. Yule mama wa makamo angeepushwa ganzi na sindano ikiwa fomu yake ingeandikwa maneno matatu: midomo iachanishwe mbele.

Katika njia ya hewa, hewa tayari ipo, na ndiyo maana picha za koromeo zinazotolewa na programu za CBCT huvutia sana. Unabonyeza mara mbili, bomba linajitenga, linapakwa rangi kuanzia kijani hadi nyekundu, na mahali pembamba kabisa panaandikwa namba. Hapa tatizo linageuka. Mpaka unaonekana, lakini ni mpaka wa kitu kinachotembea, na umewekwa na programu kwa kuchagua kivuli kimoja cha kijivu na kusema kila kilicho cheusi kuliko hapa ni hewa. Chukua koromeo la mviringo lenye kipenyo cha milimita 8 mahali pake pembamba. Eneo lake ni kama milimita za mraba 50. Sogeza kizingiti cha kijivu kidogo tu, mpaka uende nje nusu milimita kila upande, eneo linakuwa karibu 64. Urudishe ndani nusu milimita, eneo linashuka hadi kama 38. Nusu milimita ni vokseli moja au mbili, yaani chembe moja au mbili za picha, katika skani nyingi za uso mzima. Mtoto anaweza basi kuonekana amepona, au amezidiwa, kwa sababu tu skani ya pili ilifunguliwa na mtu mwingine aliyepeleka kishale mahali tofauti.

Ninalo mezani kwangu, kwa ruhusa ya mzazi, mfano wa mvulana wa miaka minane anayekoroma na kulala mdomo wazi. Mama yake alikuja ameshika karatasi yenye bomba jekundu, ameambiwa njia ya hewa ya mwanawe imeziba na kwamba anahitaji kifaa cha kutanua taya, cha gharama ambayo familia ingelazimika kukopa. Nilifungua vipande vyenyewe badala ya ile picha ya rangi. Kaakaa laini lilikuwa na kingo mbili, moja juu ya nyingine, kama picha ya mtu aliyetikisa kichwa wakati wa kupigwa. Mtoto alimeza mate mashine ikiwa inazunguka. Programu ilikuta mahali pale pana ukungu wa kijivu, ikauhesabu ukungu wote kuwa nyama, ikapaka nyekundu. Juu yake, nyuma ya pua, kulikuwa na kivimbe halisi, chenye ukingo mmoja safi kwa kuwa hakikusogea: nyama za pua zilizokua. Nilimpeleka kwa daktari wa masikio, pua na koo. Jambo lililonigusa ni kwamba nyama hizo zingeonekana kwenye eksirei ya kawaida ya pembeni ya shingo, picha moja ya sekunde chache ambayo hospitali zetu zimekuwa zikiipiga kwa miaka mingi, na ambayo nayo hufanya kazi kwa siri ile ile ya hewa: mtoto afumbe mdomo, avute pumzi kwa pua, nafasi ya nyuma ya pua ijae weusi, na nyama ijitokeze mbele yake. Akilia au akimeza, kaakaa hupanda na picha hudanganya.

Na hata skani ikipigwa bila kosa, imempiga mtoto aliye macho, ameketi wima, misuli ya koo ikiwa kazini. Ugonjwa wa kukosa pumzi usingizini hutokea akiwa amelala, misuli imelegea. Chama cha madaktari bingwa wa kupanga meno cha Marekani kilitoa waraka mwaka 2019 kikisema bayana kwamba picha za pande tatu za njia ya hewa zisitumiwe kuutambua ugonjwa huo. Kipimo kinachotegemewa ni kile cha usingizi wenyewe, cha usiku kucha. Ninakubaliana nao kabisa. Vipimo vya usingizi bado ni adimu kwetu, najua, lakini uadimu wa kipimo sahihi haukigeuzi kipimo kingine kuwa badala yake.

Nije kwenye akili unde, kwa kuwa ndiyo inayouzwa kwa nguvu zaidi sasa. Ninatofautisha mambo mawili ambayo wauzaji huyachanganya. Lipo boresho linalofanyika kabla picha haijajengwa: vizuizi mbele ya kipokezi vinavyokata miale ya kombo, hesabu zinazokadiria kiasi cha mtawanyiko na kukitoa, vipokezi vyenye tabaka mbili vinavyotenganisha miale yenye nguvu na ile dhaifu. Haya ninayashangilia, kwa sababu yanaondoa kitu tunachojua ni cha uongo. Mwaka 2021 Marekani iliidhinisha skani ya kwanza ya CT inayohesabu fotoni, yaani chembe za miale, moja moja, na sina shaka kwamba siku moja kipokezi cha namna hiyo kitashuka hadi kwenye mashine za meno. Jambo la pili ni lile linalofanyika baada ya picha kujengwa: mtandao wa kompyuta uliofundishwa kwa maelfu ya picha unaipokea picha yenye chenga na kutoa nyingine laini, safi, yenye kingo. Kingo hizo zimetoka wapi? Pale ambapo data ilikuwa na ishara dhaifu, huenda zimetoka kwa mgonjwa. Pale ambapo haikuwa na ishara, zimetoka kwa wagonjwa wengine.

Teknolojia ya kugeuza CBCT ifanane na CT imekomazwa zaidi katika tiba ya saratani kwa mionzi, na huko ina mlinzi: mgonjwa karibu kila mara ana skani kamili ya CT iliyopigwa wakati wa kupanga matibabu, hivyo picha iliyotengenezwa inaweza kulinganishwa na ya kweli. Mgonjwa wa meno hana skani hiyo ya pili. Kama programu imemchorea ukingo wa tezi mahali ambapo tezi haipo, hakuna wa kuisuta. Ninachokiomba kwa wanaonunua mifumo hii ni kidogo: picha ghafi ibaki ikifunguka kwa bonyezo moja kando ya ile iliyosafishwa, na ripoti itaje kwamba picha imesafishwa na kwa njia gani. Mfumo usiokubali masharti hayo usinunuliwe.

Kwa mambo yaliyo ndani ya nyama yenyewe, mwongozo ule wa Ulaya wa 2012 ulitoa msimamo ambao sioni sababu ya kuulegeza: kama kuna uwezekano kwamba tishu laini zitahitaji kuchunguzwa, mgonjwa apelekwe kwenye CT ya kawaida au MRI, skani inayotumia sumaku badala ya eksirei, si CBCT. Chukua ameloblastoma, uvimbe wa taya tunaokutana nao mara kwa mara katika hospitali zetu kubwa. CBCT itakuonyesha vizuri jinsi mfupa ulivyoliwa, vyumba kwa vyumba. Lakini pale uvimbe ulipotoboa mfupa na kuingia shavuni, ukingo wake unapotea, na ukingo huo ndio hasa mpasuaji anaouhitaji ili asiache mabaki. MRI itauonyesha, na itatenganisha pia sehemu yenye majimaji na sehemu ya nyama ngumu. Au chukua jipu la sakafu ya kinywa lililotokana na gego lililooza, lile linaloweza kushuka shingoni na kumziba mtu pumzi ndani ya saa chache. CBCT itakuonyesha gego, na labda koo lililosukumwa upande. Usaha ulipo haitakuonyesha. CT yenye dawa ya kung'arisha mishipa itauzungushia usaha duara. Daktari anayempiga CBCT mgonjwa huyo apime pia muda anaoupoteza.

Kuna pia ultrasaundi, ambayo sisi wa meno tumeiachia wenzetu wa uzazi bila sababu ya msingi. Kwa tezi za mate, kwa tezi za shingo zilizovimba, kwa jipu la shavu, inatofautisha maji na nyama vizuri kuliko skani yoyote ya kiti cha meno, haina mionzi, na ipo hata katika hospitali nyingi za wilaya. Udhaifu wake ni kinyume kamili cha CBCT: hewa huipofusha, na mfupa pia. Jiwe lililoziba mrija wa mate utaliona kwenye CBCT kama punje nyeupe. Tezi iliyovimba nyuma yake utaiona kwa ultrasaundi.

Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania hukagua mashine zetu na kutoa leseni, na mwenye leseni hujisikia amemaliza wajibu. Sehemu iliyobaki ni yetu: fomu ya kuombea skani iwe na mstari wa swali, daktari anataka kujua nini hasa, na mstari wa maandalizi ya mgonjwa. Na ripoti iandike wazi ni kitu gani skani hii haiwezi kukijibu, ili tishu laini zisizoonekana zisichukuliwe kuwa ziko salama.

Katika chumba tunachofanyia kazi sasa, mtaalamu wa mionzi hukaa na mtoto dakika mbili kabla ya kumweka kwenye mashine. Wanafanya zoezi pamoja: meza mate sasa, meno yagusane taratibu, ulimi utulie, midomo ifumbe, hema kwa pua. Mkono wa mashine huzungushwa mara moja bila mionzi ili mtoto auone na auzoee. Kisha skani halisi hupigwa, mtaalamu akimtazama shingoni kupitia kioo, na akiona koo limepanda na kushuka anaandika kwenye fomu: amemeza.